Tairi Pana na Bibi Harusi Asiyegeuka Nyuma

Vijana wangu wa Karatu, ninyi mnaonijia kibarazani na picha za tairi kwenye simu zenu mkiniuliza ipi nzuri, leo nawajibu wote kwa pamoja ili nami nipate nafasi ya kunywa chai yangu ikiwa bado ya moto. Mimi ni Safari, mzaliwa wa Buger. Mama alinizaa akiwa njiani kwenda zahanati, akanipa jina la kilichotokea, na kwetu Wairaqw kina Safari ni wengi kuliko magari. Nimeendesha pikapu kati ya Karatu na Ngorongoro tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka goti la klachi lilipogoma. Watu hudhani mtu aliyeendesha miaka yote hiyo alijua anachofanya. Mimi nilikuwepo, na nawahakikishia sivyo.

Swali la kwanza si tairi gani. Swali ni unabeba nini, unakwenda wapi, na mvua ilinyesha lini. Udongo wetu mwekundu wa Karatu ukiloa ni sabuni. Ukipanda kuelekea Nainokanoka unakutana na mweusi, laini, unaong'ang'ania kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Ukishukia Endulen kuna mawe makali na miba ya migunga, na huko Mang'ola kuna vumbi jepesi kama unga wa ngano, linameza tairi mpaka kwenye rimu. Hakuna tairi moja inayopenda sehemu zote hizo. Anayekwambia ipo, anayo dukani kwake.

Mimi tairi zangu nilizichagua kwa macho. Nililiona gari moja la watalii limesimama pale geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, tairi zake pana zimetokeza nje ya madigadi kama mtu aliyetanua viwiko mezani, na watalii wakilipiga picha lenyewe badala ya kupiga picha mlima. Roho yangu ikahama. Nikaona pikapu yangu, na tairi zake nyembamba za siku zote, inafanana na mbuzi mwenye njaa. Nikauza ndama, nikanunua pana.

Aliyenifungia ni mzee Bura, fundi pancha mwenye kibanda njia ya kwenda Mbulumbulu, ambaye ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua na kunisimanga kwa yote nisiyoyajua. Siku hiyo alifanya kazi kimya, na Bura akikaa kimya ujue kuna kitu. Alipomaliza akafuta mikono, akanitazama.

"Safari, matope ya huku hayataki mguu mpana," akasema. "Yanataka mguu mwembamba, ushuke chini mpaka ukanyage ngumu. Hizi zitaogelea."

Nikamwambia zama zimebadilika. Na sikuwa mjinga kabisa, maana Bura naye hakuwa malaika. Huyu ndiye mzee aliyekataa katakata kwamba tairi inaweza kukaa na upepo bila tubu. Alisema ni uongo wa wazungu, na kila aliyemletea tairi ya namna hiyo alimchomekea tubu ndani kwa siri, kwa huruma. Kwa hiyo nilijua anaweza kukosea. Shida yangu ni kwamba nilichagua vibaya siku ya kutomsikiliza.

Basi kama hayo ya tairi hayakutosha, nikaingia kwenye bodi, yaani pale nyuma panapokaa mzigo. Bodi la pikapu ni somo zima, na mimi nilirudia darasa. Kosa la kwanza nililirefusha kwa nyuma ili libebe magunia mengi zaidi ya maharage ya Mbulumbulu. Liliyabeba. Lakini mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka, na tairi za mbele zinagusa ardhi kwa adabu tu. Siku moja kwenye kona nilikata usukani kushoto, gari likaendelea na mawazo yake, tukaingia kwenye ngano ya mwalimu mkuu. Uzito uwe mbele, ujikaze kwenye mgongo wa kabini. Hilo liandikeni.

Kosa la pili, tairi ya akiba niliitundika chini ya bodi, nikaona nimeokoa nafasi. Nikapata pancha kwenye mteremko wa Mto wa Mbu nikiwa nimejaza ndizi. Kuifikia ile tairi ilibidi nishushe ndizi zote kando ya barabara, na wale nyani wa pale hawahitaji kualikwa. Nilifunga tairi nikiwa na spana mkono mmoja na mawe mkono wa pili. Nilifika Karatu na mikungu michache iliyokuwa na alama za meno, na tajiri wa ndizi aliniuliza kama nilikuwa na njaa kiasi hicho. Tairi ya akiba isimame wima nyuma ya kabini, ipatikane hata bodi likiwa limejaa mzigo.

Kosa la tatu ndilo lenye hadithi. Abiria wangu walikuwa wakilalamika kwamba wakikaa nyuma upepo unawapiga usoni. Nikafikiri sana, jambo ambalo kwangu mara nyingi ni hatari, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwambia anitengenezee mabenchi mawili ya chuma, ayafunge kwa nati, yatazame nyuma. Abiria aupe upepo mgongo, aangalie nchi inavyorudi nyuma, apumzike. Niliona nimevumbua kitu. Nilichosahau ni kwamba vumbi la gari halibaki barabarani. Linazunguka nyuma ya bodi na kurudi ndani, na sasa lilikuta watu wamelielekezea nyuso. Nilikuwa nikishusha watu stendi wote rangi moja, macho tu ndiyo yanaonekana. Wakaliita gari langu Sinema, kwa sababu mnakaa mstari mmoja kutazama mlikotoka. Mimi nikalichukua jina hilo kama sifa, nikalipaka rangi kwenye bampa.

Ndipo akaja Saning'o. Alikuwa kijana wa Kimaasai wa Endulen, mpishi kwenye kambi ya watalii, mtu mpole ambaye hata bei alikuwa akiomba kama anaomba radhi. Alikuwa anaoa. Mchumba wake, Naserian, alikuwa binti wa boma moja bondeni chini ya Nainokanoka, na kutoka kule mpaka Endulen ni kulizunguka kreta. Zamani bibi harusi angetembea, na wengine bado hutembea, lakini masika yalikuwa yamekaza na njia ni ndefu. Saning'o alizunguka gari langu akazipapasa tairi. Akasema lina miguu ya tembo, hili litafika. Nilimpunguzia bei kwa furaha.

Sasa lazima niwaambie kitu ambacho mimi nilikijua, kila mtu wa Karatu anakijua, na bado hakikunijia kichwani hata mara moja. Binti wa Kimaasai akiondoka kwa wazazi wake siku ya ndoa hageuki nyuma. Wazee wameshamtemea mate ya baraka, wameshammwagia maziwa, nyasi zimewekwa kwenye viatu vyake, na kuanzia hapo macho ni mbele mpaka afike kwa mume. Wanasema akigeuka atakuwa jiwe. Hata asiyeamini habari ya jiwe anaamini kwamba ndoa iliyoanza kwa kutazama nyuma itaishi ikitazama nyuma. Ndiyo siku moja maishani ambayo mtu hapaswi kabisa kupanda gari linaloitwa Sinema.

Nilifika bondeni asubuhi, mvua ikiwa imenyesha tangu usiku. Boma lilikuwa limejaa watu. Bibi harusi alitoka taratibu, kichwa kimenyolewa kinang'aa kwa mafuta na udongo mwekundu, shanga mpaka mabegani, uso umeinama. Wanawake walikuwa wakiimba kwa sauti ile ya chini inayomfanya hata dereva ajikohoze. Nikafungua mlango wa bodi kwa heshima zote, nikapangusa benchi kwa mkono wa sweta langu.

Bibi yake Naserian, ambaye wote walimwita Koko, alikuwa mzee mwembamba aliyeshika fimbo kuliko fimbo ilivyomshika. Alikuja akatazama benchi. Akatazama boma. Akatazama benchi tena, akaniuliza kwa Kimaasai nani anakaa hapa. Kimaasai changu ni cha mnadani, najua bei na rangi za ng'ombe, lakini hilo nililielewa, na ndipo akili ikanirudia yote kwa mkupuo. Kama ardhi ingepasuka ningeingia bila kusukumwa. Wimbo ulikatika. Saning'o aliangalia viatu vyake.

Nikasema atakaa mbele kabini, ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Hakuna aliyeniamini, lakini walinisitiri. Naserian akaingia, Saning'o akakaa upande wake wa mlangoni, na vijana wa rika lake wakapanda nyuma kwenye mabenchi, wao wanaruhusiwa kutazama wanakotaka. Nikawasha gari. Koko akagonga kioo kwa fimbo. Alikuwa ameona vioo vya pembeni. Ndani ya vile vioo, boma zima lilikuwa linaonekana, mpaka mama yake binti akijifuta macho.

Nifanye nini? Kile cha ndani nilikigeuzia dari. Vya pembeni nilivivisha soksi zangu, maana nilikuwa nimevaa soksi ndefu za wachezaji mpira kwa ajili ya baridi ya Nainokanoka. Nikapanda kilima miguu mitupu ndani ya mabuti, gari langu limevaa soksi, nikiwa dereva asiyeona chochote kilicho nyuma yake.

Njia ya kutoka bondeni ilikuwa fupi na kali. Tulipanda vizuri mwanzoni, na nikaanza hata kumweleza Saning'o ubora wa tairi zile. Meno ya tairi pana yapo karibu karibu. Yakishakula ule udongo mweusi hayautemi. Hatujafika juu zilikuwa zimevaa udongo mpaka zimekuwa laini kama maandazi. Zikazunguka bila kushika. Gari likasimama, likafikiri kidogo, likaanza kurudi.

Nilikanyaga breki. Tairi zikasimama, gari halikusimama. Kwa mara ya kwanza mabenchi yangu yakawa na faida, kwa sababu abiria wa nyuma waliona vizuri sana tunakokwenda, wakaruka mmoja mmoja. Mimi sikuona kitu ila soksi zangu mwenyewe. Nilifungua mlango, nikatoa kichwa, nikaona boma linakuja. Tuliteleza njia yote ile tuliyopanda, tukaishia kwenye uzio wa miiba kando ya lango lilelile tulilotokea. Nikasikia tairi moja ya nyuma inatoa pumzi polepole.

Vijana, nimekwama sehemu nyingi, lakini sijawahi kukwama langoni nilikotoka na bibi harusi. Mama yake Naserian alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wazee wakasogea pembeni, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, na Saning'o aliyekuwa akiwasikia akabadilika rangi. Walikuwa wanaulizana kama binti amerudi. Kama amerudi, basi harusi imevunjika kwa siku hiyo, baraka zifanywe upya siku nyingine, na watu wa Endulen waliokwisha chinja wangeambiwa nini? Na jina lingemfuata: yule aliyerudi kwao kabla hata hajafika. Msichana mzima, maisha yake yote mbele yake, na kilichoyaweka rehani ni tamaa yangu ya tairi za kupigwa picha. Nilitamani kulia, na sisemi hivyo kunogesha.

Koko akaja dirishani. Mimi nilijibanza kwenye kiti kama naweza kuwa sehemu ya kiti. Naserian alikuwa amejifunika shuka usoni tangu gari lilipoanza kuteleza, amekaa wima, ameelekea kule kule kilimani. Bibi yake akamwuliza kama ameiona nyumba. Binti hakutoa shuka.

"Gari limerudi, Koko," akasema. "Mimi sijarudi."

Koko akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshindwa bei na kuridhika. Akawaambia wazee waache maneno. Akachuma nyasi, akamwekea mjukuu mkononi, akamfungulia mlango mwenyewe. Naserian alishuka uso ukiwa kilimani, akaanza kupanda kwa miguu katika matope yale, taratibu, Saning'o kando yake. Aliteleza mara kadhaa. Hakugeuka hata alipoteleza. Alifika juu, akasimama akitutupia mgongo, mvua inamnyeshea, akingoja gari.

Nami ndiye wa kulileta hilo gari. Nilijaribu mara ya kwanza na tairi ile ile inayopumua, nikarudi. Nilijaribu tena, nikarudi kwa kelele zaidi. Kila mara nilijua anasikia injini inavyolia na watu wanavyopiga ukelele, na mgongo ule hausogei. Nikaona sina ujanja, nimpigie Bura. Kumbe mtandao ulikuwa unapatikana juu tu. Ikabidi nipande kilima kwa miguu, nimpite bibi harusi niliyemkwamisha, nimsalimie kwa aibu, nisimame pale karibu nikipiga simu kwa fundi pancha.

Bura alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka nikadhani salio litaisha kabla ya msaada. Alipopata pumzi akaniuliza swali moja, kama mabenchi bado yapo. Nikasema yapo.

"Yafungue, yaache hapo hapo," akasema. "Punguza upepo mpaka tairi ikae chini kama kuku anayeatamia. Chokoa udongo kwenye meno. Halafu watu wa pale hawakosi kamba za ng'ombe, zivishe tairi, zipite kwenye matundu ya rimu. Uzito uusogeze kwenye kabini. Na Safari, usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyezifunga hizo tairi."

Tukafanya hivyo. Tairi iliyotobolewa tuliibadilisha upesi, kwa sababu ile ya akiba ilikuwa imesimama nyuma ya kabini, na niliwashukuru kimoyomoyo wale nyani. Wazee walileta kamba za ngozi, ngumu, zilizolainishwa kwa mafuta, na zile tairi zangu za kifahari zikafungwa kama ng'ombe mkorofi anayekamuliwa. Mabenchi yakabaki kando ya uzio. Vijana wote wakasimama kwenye bodi wamejibana mgongoni mwa kabini, wengine wakasukuma. Nikaweka gia ndogo, nikaacha mguu mwepesi, sikuharakisha, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuongea. Kamba ziliuma udongo. Gari likapanda kama mzee anapanda ngazi za kanisa, likafika juu, likasimama kando ya binti.

Naserian aliingia akajifuta matope miguuni kwa ncha ya shuka. Hakuniangalia. Alitazama mbele, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi cha shule kama gari langu linajua pia kwenda mbele kwa muda mrefu. Nikasema litajitahidi. Soksi nilizivua kwenye vioo tulipofika Malanja, boma lao halionekani tena, baada ya Saning'o kuniruhusu.

Kule Endulen kulikuwa na sehemu moja imebaki. Bibi harusi akifika kwenye lango la mume husimama. Haingii. Anangoja aahidiwe mifugo, na watu wa pale wanambembeleza, huyu anatoa ng'ombe, yule kondoo, mpaka aridhike. Naserian alisimama. Baba mkwe akataja ng'ombe. Shangazi akataja kondoo. Watu wakapiga makofi, wakadhani ataingia. Akabaki amesimama. Akanyoosha kidole, bila kugeuka, kuelekea pale nilipokuwa nimejificha nyuma ya tairi, akasema huyu dereva naye atoe mbuzi. Watu walicheka mpaka wazee wakakaa chini. Nikasema natoa, na jike, na mwenye mimba. Hapo ndipo akaingia.

Nilimpeleka yule mbuzi wiki iliyofuata, kwa gari lilelile, sasa limerudishiwa tairi nyembamba. Na kwa Wamaasai mkishapeana mbuzi hamwitani tena kwa majina. Mnaitana Pakine, watu wa mbuzi mmoja. Tangu siku hiyo mimi ni Pakine wa Naserian na yeye ni Pakine wangu. Amenisimamia kwenye mengi, wakati ndugu zangu wa damu walikuwa na shughuli. Nilipolazwa hospitali alikuja na kibuyu cha maziwa akamgombeza muuguzi kwamba chakula ni chepesi. Mabenchi yangu mpaka leo yapo kwenye boma la wazazi wake. Wazee wanayakalia wakiongea habari za malisho, na nasikia wanayasifu kwa uimara.

Kwa hiyo tairi, mlizokuja kuuliza. Kwa matope yetu chukueni nyembamba, yenye meno marefu yaliyoachana, yateme udongo yanapozunguka. Kwa Endulen angalieni ubavu wa tairi kabla ya meno, maana mawe na miba havipigi kifuani, vinapiga ubavuni. Kwenye vumbi na mchanga punguzeni upepo, na mkifika kwenye lami jazeni tena, msiwe wavivu. Bodi liwe bapa, jepesi, mbavu zifunguke pande zote, lisizidi ekseli kwa kiburi. Tembeeni na kamba. Na mkiona tairi fulani inawapendeza sana machoni, pelekeni macho hayo hospitali kwanza.

Pikapu yangu niliiuza mwaka juzi, goti lilipokataa kabisa. Aliyeinunua ni kijana wa Mbulumbulu, mkulima, mtu mwema, ambaye kitu cha kwanza aliniuliza ni kama naweza kumtafutia tairi pana. Tulimalizana siku ya mnada. Naserian alikuwapo, kaja kuuza mbuzi, na hao ni uzao wa yule wangu, hunikumbusha kila mara. Sikumwambia ninauza. Aliniona tu nimesimama kando ya barabara, kijana anaingia kwenye kiti changu, anasogeza kiti mbele kwa sababu ana miguu mifupi, na akaelewa.

Niliumia, vijana. Mtu mzima, babu wa watu, kwa ajili ya bati na chuma. Niligeuka kuelekea nyumbani ili nisionwe, na nilipoanza kutembea nikasikia injini inawaka, sauti ambayo naijua kuliko sauti yangu. Shingo ikaanza kuzunguka yenyewe. Naserian akanishika mkono.

"Pakine," akasema, "gari linaondoka. Wewe huondoki. Tazama mbele."

Tukatembea pamoja kuelekea kwangu, mbuzi wake mmoja ambaye hakupata mnunuzi akitufuata. Nyuma yangu nikasikia pikapu inaingia barabarani. Nikasikia yule kijana anaingiza gia ya pili, na anaiingiza vibaya, chuma kwa chuma, mpaka meno yangu yakauma. Na bado sikugeuka.